Jogoo wa Shufwa na Witiri

Bwana Lugome, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliingia darasa la tatu bila hodi, akamkodolea macho jogoo waliyemfuga watoto.

"Huyu leo namla."

Watoto, waliokuwa wakipanga maharage mawili mawili, wakaanza kulia. Mwalimu Zuhena akajichekesha.

"Sawa, mzee wangu, ila tumwachie bahati. Taja namba yoyote, uijumlishe na yenyewe. Jibu likiwa witiri, lisilogawanyika kwa mbili, jogoo wako. Likiwa shufwa, wetu."

"Namba yoyote?"

"Hata uliyoiota usiku."

Akajaribu saba, ikatoka kumi na nne. Akajaribu kumi na tatu, ikatoka ishirini na sita. Akavua koti, akahangaika mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

"Leo nina mkosi tu!" akafoka. "Kesho nakuja na namba kubwa!"

Alipotoka, Semeni wa dawati la mbele akanong'ona, "Mwalimu, namba ikijumlishwa na yenyewe si hutoka shufwa tu, kama maharage yetu? Ila akitaja nusu tumekwisha! Nusu na nusu ni moja."

"Shii!" Mwalimu akachungulia dirishani. "Nusu tunafundisha darasa la nne. Mwenyekiti aliishia la tatu."