Mwanamke Aliyesamehewa Kabla ya Kuulizwa

Mfano huu si wangu, wajukuu zangu. Wa kwanza kunipa ni mwinjilisti Yoeli Kisaka, yule aliyekuwa na jicho moja bovu, alipohubiri kwetu siku ya sadaka ya mavuno. Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele kabisa, meno ya mbele yameng'oka, namchungulia jicho lile. Kusoma sikujua, na mpaka leo sijui, lakini maneno yake yaliniingia yakakaa. Yeye alisema kwa kifupi. Mimi nitasema kama yalivyokaa humu ndani, maana kila nikiyakumbuka nywele zinanisimama.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, ameolewa huko milimani, kwenye kijiji chenye ndiva. Ndiva mnaijua? Nyie watoto wa bomba mtaijulia wapi! Ndiva ni bwawa la kijiji. Wazee wa zamani walilichimba, kingo zake wakazikandika udongo mzito. Chemchemi inalijaza, asubuhi kizibo kinatolewa, maji yanashuka na mifereji mpaka mashambani, leo kwako, kesho kwa jirani. Na kila nyumba ina zamu ya kulinda. Mwenye zamu anakaa ukingoni, anaitazama mvua ya huko juu. Maji yakizidi, anakimbia kufungua mlango wa pembeni yapungue. Asipofungua, ukingo unapasuka.

Na walikuwa na desturi yao. Ukingo ukipasuka kwenye zamu yako, kijiji kinakusanyika palepale, unaulizwa mbele ya watu, unajibu. Halafu tenga la kwanza la udongo wa kuziba linapanda juu ya kichwa chako wewe. La pili ndiyo la wengine. Ukishalitua, yamekwisha, hakuna wa kukunyooshea kidole.

Sasa yule mwanamke, alipokuwa mtoto alikuwa na kifafa. Kikamwacha alipokuwa msichana. Kikamwacha kabisa, akaolewa, akazaa watatu, akalima, akasahau. Wakwe zake hata hawakujua.

Ikaja zamu yake. Mchana, jua la saa tisa, kumbe huko juu mvua inamwagika. Akaona maji yanapanda, yanapanda kwa fujo. Akainuka upesi aende kwenye mlango wa pembeni. Hatua ya kwanza, hatua ya pili. Ya tatu hakuijua, dunia ilimzimikia.

Alipofumbua macho, mdomo umejaa udongo, na ndiva ni tupu. Ukingo umepasuka upande wa bondeni. Na kule chini shamba la mzee mmoja aliyefiwa na mkewe limekwenda lote. Si mahindi tu, jamani! Udongo wenyewe umekwenda. Kule milimani udongo unabebwa. Babu wa yule mzee aliupandisha kutoka bondeni, tenga kwa tenga, akaupanga nyuma ya kuta za mawe. Sasa limebaki jabali, jeupe kama mfupa uliolambwa na mbwa.

Niambieni. Aliamua kuanguka? Alilala kwa uvivu? Alikwenda kupiga soga? Mungu anaona, hapana. Hata kidole chake hakikuwa chake saa ile.

Watu wakakusanyika. Mzee wa maji, ndiye mkubwa wa ndiva, akasimama amuulize. Yule mwanamke amejiandaa kujibu. Kabla hajafungua kinywa, wifi yake akadakia:

"Baba, msimuulize huyu. Anaumwa. Nimemkuta anatoka povu. Ni kifafa."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, maana zamani walisema lile povu linaambukiza. Halafu wakaanza, "Maskini! Pole, mama. Maskini wa Mungu."

Mzee wa maji akakuna kichwa. Akasema, "Basi hakuna wa kuulizwa hapa. Ni kama jiwe limeporomoka. Nenda nyumbani, mwanangu, ukapumzike. Wenye nguvu, leteni udongo."

Wakaziba. Tenga la kwanza akabeba kijana mmoja tu, yeyote. Yule mwanamke akaenda nyumbani, akalia kwa kushukuru. Alisema, wamenisamehe kabla hata sijaulizwa! Wapi pengine kuna watu wema hivi?

Na nyie mngeshukuru. Hata mimi. Lakini ngojeni.

Juma lililofuata wakaitana kwenda msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kusafisha mifereji. Mnyapara anaita majina, kila mtu anaitika na jembe begani. La kwake likarukwa. Akasema, "Na mimi je?" Wakamwambia kwa upole, "Wewe mama kaa kivulini, pumzika." Jembe lake wakampokea kama unavyompokea mtoto kisu.

Kwenye kikao cha maji akatoa neno, neno zuri tu, la akili. Wakatikisa vichwa, wakangoja amalize, wakaendelea walipoachia. Akimkemea mtoto wa jirani, mama yake anamnong'oneza mtoto, "Nyamaza tu, huyo anaumwa."

Siku moja akachoka. Akamfuata wifi yake kisimani, akamtukana. Kwa makusudi! Akamwambia, "Wewe mchoyo, mnafiki, mdomo kama kikapu kilichotoboka!" Alitaka tu arudishiwe tusi, wagombane kama zamani, maana walikuwa wakigombana hao mpaka kuku wanakimbia. Wifi mtu akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Pole, wifi yangu. Najua si wewe unayesema."

Mnasikia hilo? Si wewe unayesema.

Akarudi akichechemea kama amepigwa. Akajaribu upande wa pili. Akachuma mchicha mzuri, akampelekea mama mmoja aliyejifungua. Yule mama akapokea, akainua macho juu, akasema, "Mungu mkubwa, hata huyu anamtumia!" Kwake yeye hakusema asante.

Hapo ndipo alipoelewa. Wale watu walipomwondolea ubaya, walibeba na wema wake humohumo. Walikuwa wanampenda, lakini walimpenda kama ng'ombe mgonjwa. Akaanza kukaa ndani. Chakula hakipandi. Mumewe akimuuliza, "Una nini?" anasema, "Sina kitu. Sipo tu."

Sasa sikilizeni, Kisaka alipofika hapa, mimi mtoto nilishika kanga ya mama yangu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu pale kijijini aliyekuwa hajamsamehe. Ni yule mzee wa shamba. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na tangu siku ile hakusema naye, alikuwa anakula kwa kupewa na watu. Asubuhi moja wakakutana kwenye njia nyembamba, huku ukuta wa mawe, huku bonde. Mzee akasimama katikati ya njia na fimbo yake.

Akamwambia, "Wee mama! Shamba langu liko wapi?"

Yule mwanamke akaegemea ukuta. Akasema, "Baba, nilianguka. Sikutaka."

"Kwani nimekuuliza kama ulitaka? Najua hukutaka. Kijiji kizima kinajua hukutaka, wameniimbia mpaka masikio yananiuma! Nakuuliza shamba langu."

"Baba, na mimi nikuulize. Mbona unaniuliza mimi?"

Mzee akapiga fimbo chini. "Nikamuulize nani? Nikaulize mvua? Nimeiuliza, haikujibu. Nikauliza maji, yamekwenda zake. Zamu ilikuwa ya nani?"

Jamani. Mnajua yule mwanamke alifanya nini? Machozi yalimtoka, lakini uso uling'aa. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza habari ya siku ile na kungoja jibu. Huyu mzee katili, mwenye hasira, amesimama anangoja!

Akasema, "Zamu ilikuwa yangu, baba. Mkono uliotakiwa kufungua ni huu hapa. Nitakubebea udongo."

Mzee akasema, "Bonde unalijua liliko," akampisha.

Akaanza. Kila siku, akishapika, anashuka bondeni na tenga, anapanda nalo kichwani, anamwaga kwenye jabali, anakanyaga kwa miguu. Nyuma ya ukuta wa mawe kukaanza kuwa na weusi kidogo, kama ukoko chini ya chungu.

Watu wakamjia juu mzee. "Huna haya! Unamtumikisha mgonjwa! Mungu atakuuliza!"

Mzee akasema, "Acha aniulize. Nitafurahi akiniuliza."

Wifi naye akaja mbio, akashika lile tenga. "Tua, wifi! Nani amekulazimisha? Kosa si lako!"

Yule mwanamke akamwambia polepole, "Wifi, sijui kama ni langu. Hilo nimelifikiri mpaka kichwa kimeuma, nimeshindwa. Lakini ukininyang'anya tenga hili mtakuwa mmenizika mzima."

Wifi akaachia.

Wakati watu bado wamesimama pale, wengine huku, wengine kule ukutani, kifafa kikamjia. Tenga likaenda upande wake, yeye upande wake, akaanguka chini anatapatapa, povu linamtoka. Watu wote wakaruka nyuma. Wote, hata wale wa "maskini, maskini." Hata wifi.

Mzee akatupa fimbo. Akapiga magoti na magoti yake yale mabovu, akamlaza ubavu asijikabe, akavua shuka lake mwenyewe begani akamtandikia kichwani, akamfuta povu kwa mkono. Kwa mkono wake mtupu! Watu wakasema, "Mzee, utaambukizwa!" Hakuwatazama. Alikaa naye pale juani, ameshika kichwa chake, mpaka dunia ikamrudia.

Alipofumbua macho akamwona mzee juu yake. Watu wakadhani sasa atamwambia, basi mwanangu, inatosha, nenda nyumbani.

Mzee akamwambia, "Udongo wako umemwagika. Ukipata nguvu, uzoe."

Na yule mwanamke akacheka. Alicheka chini palepale, uso una vumbi na mate, alicheka kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali na watu waliodhaniwa wamekufa. Wote wakanyamaza. Mwinjilisti Kisaka alisema, ukimya ule ulikuwa kama ule wa kanisani mkate unapoinuliwa.

Halafu mzee wa maji, mkubwa wa ndiva, akainama, akaanza kuzoa ule udongo. Yule mwanamke akamwambia, "Hapana, baba. Huu ni wangu. Wewe kachukue wako bondeni." Akamwamrisha, mzee mzima! Naye akaenda. Na wengine wakamfuata, kimyakimya, mstari mmoja mrefu kushuka bondeni. Kuanzia siku ile zamu ya ndiva ikawa ya watu wawili wawili, na yeye akarudishiwa zamu yake, na mwenzake wa kukaa naye alikuwa wifi. Waligombana huko ukingoni mpaka vyura wakahama.

Sasa sisi.

Sisi tunasema, nimezaliwa hivi. Tunasema, shetani alinipitia. Tunasema, hasira hii ni ya damu, ni ya kwa baba, nitaifanyaje? Na pengine ni kweli, wajukuu zangu. Mimi sijui. Nani kati yetu alichagua moyo wake sokoni? Hata mimi ulimi huu nilizaliwa nao, umeshaumiza watu ambao sasa wako kaburini. Watu wenye shule wanabishana mambo haya, wabishane, wana muda. Mimi nasema hivi: mwenzako akikukosea, usikimbilie kumwambia "si wewe." Muulize kwanza. Muulize, ungoje. Mtu akiulizwa anapata uso. Na akianguka, umfute povu kwa mkono uleule uliomnyooshea kidole. Wewe uliyeuliza ndiye wa kufuta. Mkono wa kuuliza peke yake ni ukatili, na wa kuhurumia peke yake mmeona ulivyotaka kumuua mama wa watu.

Nawe ukiulizwa, itika. Leo mchana nimesikia humu ndani mtu anasema, "Si mimi, bibi, ni mbuzi kakata kamba." Sitamtaja. Kamba kweli ilikuwa mbovu. Lakini kunde za jirani zimeliwa, na kesho kuna mtu atakwenda kugonga mlango kule kwa miguu yake, na bibi yake atakwenda naye, maana kamba nilisokota mimi.

Na kuna jambo moja linanitetemesha, hili Kisaka alilisema kwa sauti ya chini mpaka tukainama kumsikia. Mungu ametuumba sisi, mishipa na mawazo na yote. Anajua utakalosema kabla ulimi haujagusa jino. Hana haja ya jibu letu. Angeweza kutuacha kama alivyoacha mawe, tuporomoke tukiporomoka, bila lawama, bila neno. Milima yote hii mikubwa, hajauuliza kitu hata mmoja. Halafu anainama kwa kiumbe kama wewe, kidogo, cha udongo, chenye kifafa, anakuuliza umefanya nini, na anangoja. Yeye! Anangoja! Sisi ni nani hata tungojewe?

Mimi naishia hapo. Haya, vuteni shuka, yule wa pembeni asiachwe na baridi. Elinipa, toa mguu wako kwenye mgongo wa dada yako. Usingizi umefika, laleni.