Kwa Nini Jiweni Hunyamaza Saa Nane

Ninyi mlioajiriwa juzi mmeniuliza kwa nini mji wetu una watu wengi na kelele kidogo. Kaeni niwaeleze.

Zamani Jiweni haikuwa mji. Ilikuwa kambi tatu za wachimba mawe chini ya mlima wa kokoto: Waha juu, Wanyakyusa katikati, Wamakonde bondeni. Kila kambi ilitaka ngoma yake isikike kuliko ya jirani, na watu walipayuka hata wakiombana chumvi. Nyapara Mwakalobo, Mnyakyusa, na Ntahondi, Muha aliyetega baruti, walikuwa wamepigana ngumi kwa ajili ya ngoma hizo. Hawakusalimiana tena.

Jumanne moja, saa nane mchana, ukuta wa machimbo ukaporomoka. Vumbi lilipotua, watu wanne hawakuonekana, Ntahondi akiwa mmoja wao. Lo! Kambi zote zikamiminika. Huyu aliita kwa Kiha, yule kwa Kimakonde. Hawa walifukua hapa, wale pale, na jiwe alilotupa mmoja likaangukia alipochimba mwenzake.

Mama yangu, Hadia binti Chilumba, ndiye aliyewapikia wachimbaji uji. "Nyamazeni tuwasikie!" akapiga ukelele. Nani angemsikia? Basi akakimbilia kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, kile kilichogongwa kuwaashiria watu waache kazi, akakigonga kwa nyundo kwa nguvu zake zote. Mlio huo kila mtu aliujua, awe wa lugha gani. Mikono ikasimama. Wanawake wakawapa watoto matiti.

Kimya.

Mwakalobo, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya kifusi, akainua mkono. Ko, ko, ko, jiwe likagongwa kutoka chini.

"Wapo hai!" akanong'ona. "Wako hapa, chini yangu!"

Wakachimba kwa mikono, wakitulia kila mara kusikiliza. Akatoka wa kwanza! Akatoka wa pili, kisha wa tatu! Jua likiwa limeinama akatolewa Ntahondi, mweupe kwa vumbi, miguu yote miwili imevunjika. Akawatazama watu mia tatu waliosimama bila kusema neno.

"Mbona kimya?" akauliza. "Mmeshanizika?"

Vifijo vilivyolipuka hapo havijasikika tena huku kwetu. Mwakalobo alicheka huku machozi yanamtoka.

"Mpelekeni kwangu," alisema. "Ndiyo nyumba ya karibu."

"Kwako mimi?" Ntahondi alishangaa.

"Kitandani kwangu kabisa. Ugomvi tutaendelea nao ukipona."

Ntahondi aliuguzwa humo miezi saba. Mkewe akamfuata, nao wakajenga ubavuni mwa Mwakalobo. Wale watatu nao waliuguzwa na waliowafukua, jamaa zao wakahamia karibu, mpaka ikawa hakuna anayejua kambi ipi iliishia wapi.

Na tangu siku hiyo, reli ikigongwa saa nane, Jiweni nzima hutulia kidogo na kutega sikio, na saa nyingine zote hatupaziani sauti. Ndiyo maana pia kila ua mtakaoingia mtakuta makabila mawili au matatu. Na mkimwona mtoto wa Kimakonde anamwamkia bibi wa Kiha kwa Kinyakyusa, msimcheke. Hajakosea. Hapa ndivyo tunavyoamkiana.