Kiboko na Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwa zimekwisha kufika mtoni, Kiboko alikuwa mpiga chapa wa kadi za harusi. Msinicheke. Mnadhani wanyama hawaoani?

Kompyuta yake ilikuwa ya aina ya Gogo: nyeusi, nzito, ukiiwasha inanguruma ngurrr mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Lakini kazi ilifanya. Kadi za mto mzima zilichorwa humo, na wateja wakija na flashi zao, Gogo lilizifungua zote bila maneno.

Siku moja Pimbi, yule mdogo wa majabalini, akafungua kibanda ng'ambo ya njia. Akaja na kompyuta ya aina ya Lulu: nyeupe, nyembamba kama chapati, kelele haina kabisa. Wala hakuiacha wazi. Aliifunika kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia redio sebuleni, na kila aliyeingia alifunuliwa taratibu kama anaoneshwa bibi harusi.

"Mmh," watu wakasema, wakaenda kuita wenzao.

Kazi ikamshinda Kiboko. Anachora ua moja, anachungulia dirishani. Anachora jingine, anachungulia tena. Roho ilimuuma hasa. Aliona watu wakimiminika kwa Pimbi tangu asubuhi, na wivu haukumpa nafasi ya kuona kwamba wote walitoka mikono mitupu.

"Mama Watoto," akasema, "na sisi tuhamie Lulu."

Mkewe alikuwa anachambua mchicha. "Gogo lina ubaya gani?"

"Linanguruma."

"Na wewe unakoroma, mbona sijakuhama?"

Kiboko akanuna.

"Kadi za Bi Twiga zimo humo," mkewe akaendelea, "na harusi ya bintiye imekaribia. Hiyo Lulu itazifungua? Usikurupuke, Baba Watoto. Nenda kwanza ukaijaribu."

Akaenda, puu, puu, puu. Kibandani walikuwamo wateja wachache wakisubiri kufunuliwa Lulu. Pimbi alipomwona akakishika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kuijaribu hiyo."

"Aa, nisamehe, mzee. Hii uitazame tu. Ukishaigusa utaichukia ya kwako, halafu mama nyumbani atanilaumu mimi. Isitoshe, Kifaru ameshaiomba. Jioni anakuja kuichukua."

Kifaru! Kiboko na Kifaru walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu Kifaru aliposifiwa suti yake kwenye harusi ya Pundamilia. Kiboko akamwona kwa mawazo, kaketi barazani na Lulu mapajani, watu wamemzunguka. Swali la mkewe likamtoka kichwani.

"Kifaru anakupa nini?"

"Ameahidi shamba la viazi. Lakini mwili wangu huu, mzee, shamba litaniweza? Heri ningepata kompyuta kuukuu yoyote, ya kujishikiza tu."

"Chukua Gogo langu."

Pimbi akakunja uso. "Lile linalonguruma? Unanionea, mzee. Na kesho ukijuta utanijia juu."

"Sijuti."

"Basi apa mbele ya hawa kwamba hutanidai."

Kiboko akaapa, tena kwa sauti kubwa, ili habari zimfikie Kifaru mapema. Gogo likavushwa njia siku ile ile.

Nyumbani akaifunua Lulu mbele ya mkewe, taratibu, akiringa. Akachomeka flashi yenye kazi zake zote. Kacha. Lulu ikaandika: Faili hili halifunguki. Akajaribu la pili. Halifunguki. Kadi ya Bi Twiga, aliyoitolea jasho ua kwa ua na njiwa kwa njiwa, nayo haikufunguka.

Mkewe akarudi kuchambua mchicha wake.

Kiboko akatoka mbio, puu puu puu. Kwa Pimbi akakuta Gogo linanguruma ngurrr, foleni imefika mtoni, na watu wanatoka na kadi mikononi.

"Pimbi, umenidanganya."

"Kwa lipi, mzee? Nilikwambia uitazame tu. Ingekuwa inafungua kazi za watu, ningekaa kuifunika kitambaa?"

"Nirudishie Gogo langu."

"Uliapa, mzee. Na hawa wamesikia."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Kiboko akafunga mdomo, na mdomo wake mnaujua ulivyo mkubwa.

Haukupita muda, Bi Twiga akawa anapita nyumba kwa nyumba kugawa kadi za harusi ya bintiye. Akafika na kwa Kiboko, akidhani Pimbi ndiye aliyezichora upya. Aliinama sana mlangoni, akampa ya kwake kwa mikono miwili. Kiboko akaifungua. Maua aliyachora yeye. Njiwa aliwachora yeye. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: Imechapwa na Pimbi.

"Nzuri, siyo?" Bi Twiga akauliza. "Kumbe yule Pimbi ana mkono."

"Nzuri," Kiboko akajibu, akaingia ndani.

Mimi nimefika mwisho, na funzo lake ni hili, wanangu: ukiacha kitu kinachokufaa kwa sababu ya kumwonea jirani wivu, jirani huyo huyo ndiye atakayekifaidi.