Viunza vya Mzee Mcha

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, kisima cha Mkungumani kiliingia maji ya bahari. Chai ikawa chumvi, watoto wakaumwa matumbo. Wakaja wageni waliotaka kununua hewa. Si hii ya kuvuta puani. Ile inayosafishwa na miti. Wakasema, "Msikate hata mti mmoja, nasi tutawaletea bomba la maji matamu." Sheha Faki, mkuu wa kijiji, akakubali. Khatibu akafanywa mlinzi wa msitu, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatakata mti, wala hataficha ukikatwa.

Mabomba yakaletwa, yakalazwa kando ya njia. Kabla hayajaunganishwa, ikanyesha mvua isiyo ya majira, daraja la kuingilia kijijini likachukuliwa na mafuriko. Siku hiyo hiyo akafariki Mzee Mcha, aliyeupanda msitu ule tangu ujana wake.

Maiti akaoshwa, akakafiniwa, kaburi likachimbwa. Wakaenda msikitini kuchukua viunza, zile mbao za kufunika mwanandani ili udongo usimwangukie maiti. Hakuna.

"Sheha, viunza vya akiba viko wapi?"

"Nilijengea jukwaa la wageni," akasema kwa sauti ndogo. "Mafuriko yamelichukua."

Wala hapakuwa na mlango wa mbao wa kung'oa; milango ya kijiji ilikuwa ya bati na makuti.

Bi Time, mjane wa marehemu, akamwendea Khatibu. "Mwanangu, nipe panga."

"Bi Time, nimeapa."

"Hewa wameinunua. Mume wangu hawakumnunua. Miti hii kapanda yeye, na maji ya kuinyweshea nimebeba mimi. Unataka udongo umlalie usoni?"

Khatibu akalitundika panga kwenye tawi, akaenda kutawadha. Aliporudi, mti mmoja ulikuwa chini, umekatwa vipande vya viunza. Mzee Mcha akazikwa kabla ya Magharibi.

Daraja lilipotengenezwa, akaja mjumbe wa wanunuzi. Hakuingia msituni, kwa kuchelea tope. "Mlinzi, msitu uko salama wote?"

Sheha akakohoa. Wanawake wakamtazama Khatibu, ndoo vichwani. Neno moja tu, "Salama," na mabomba yangeunganishwa. Khatibu akakikumbuka kiapo chake.

"Umekatwa mti mmoja," akasema.

Mabomba yakapakiwa garini, yakarudi yalikotoka.

Sheha na Khatibu wakakutana barazani kwa Bi Time.

"Mimi niliyatafuta maji," akasema Sheha. "Huyu kayafukuza kwa ulimi."

"Nawe ungeacha vitu vya maiti mahali pake, nisingeshika panga," akajibu Bi Time. "Mimi nimemsitiri mume wangu."

Khatibu akainama. "Kulitundika panga nimekosa, Mungu anisamehe. Lakini kusema kweli, hilo sijui nalitubu vipi."

Mjukuu wa Bi Time akaja na kikombe, akanywa, akatema. "Bibi, yale maji matamu yanakuja lini?"

Bi Time akakipokea kikombe.

Basi nanyi mliosikiliza, nambieni: Sheha, Bi Time, Khatibu, au yule mjumbe wa wanunuzi wa hewa aliyeogopa tope, nani aliyestahili kumjibu mtoto yule?