Mtambo Usiokuwa na Homa

Uvumi ulimkaa Mama Waya kama mwiba wa samaki kooni. Ilisemekana kwamba nyumba ya fundi redio wa mtaa wa pili iliteketea kwa sababu mtambo wake wa kurushia mawimbi ulichemka mno. Hakuna aliyewahi kuiona nyumba hiyo, lakini uvumi haudai shahidi. Basi kila alipopita chumbani kwa binti yake, aliyeitwa Waya kwa kuwa mifuko yake haikukosa waya, aliupapasa mtambo wa binti huyo, nao wa kurushia mawimbi, kwa kiganja kama apimaye mtoto homa.

"Mwanangu, huu unaumwa. Jumamosi ukiwa hivi, unatoka, wewe ukipenda uufuate."

Waya alishtuka. Jumamosi saa kumi alasiri ndipo mwenzake wa mbali, mpenzi wa redio kama yeye, angetega sikio kwenye masafa ya chini. Akaufungua mtambo, akabadili kikuza mawimbi.

"Kile cha zamani kilikuwa kama mlango ulioachwa nusu wazi, Mama. Nusu ya umeme ilipotea bure ikawa joto. Hiki kipya ni swichi: ama wazi kabisa, ama imefungwa kabisa. Karibu umeme wote unakwenda angani."

"Heri uende. Hapa unakula tu na hauoshi vyombo."

Jumamosi ilipofika, Mama aliingia na kitambaa cha vumbi. Waya alikuwa amempa mgongo, visikizio masikioni, akibofya mapigo mafupi na marefu. Mama akaupapasa mtambo. Baridi kama mtungi. Moyo wake ukatua, akadhani umezimwa. Akapeleka kitambaa kwenye koili, msokoto wa waya mpana kama ndoo, ulikoanzia waya wa kwenda paani.

Tas! Cheche ikamuuma kidole.

"Mama, usiguse hapo."

"Umechelewa," alijibu, kidole mdomoni. "Si ulisema haupotezi umeme?"

"Ndiyo. Ule uliokuwa ukipotea sasa unapita kwenye koili kwenda angani."

Kidole kilikuwa na alama nyeupe, ndogo kama tobo la sindano. Kabla hajaanza kulaumu, visikizio vikalia. Waya akaandika herufi moja moja, Mama akisoma begani kwake: NIMEKUSIKIA VIZURI. KATIKATI ISHARA IMEPIGA CHAFYA. KUNANI?

Mama alicheka hadi akakalia kiti chenye bisibisi.

"Mjibu. Mwambie ni mama yako, ana mikono mirefu."

Mtambo ukabaki. Waya alifunga juu yake taa nyekundu ya kuwaka kila mtambo unaporusha, na Mama akabandika mlangoni karatasi ya mwandiko wake:

Usipime mtambo kwa kiganja, tazama taa.

Usifute koili kabla ya kuchomoa plagi.

Usianike nguo kwenye waya wa paani, hata soksi.

Usiogope kinachochemka ukakisahau kilichopoa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.