Ubao wa Kiunoni

Wapendwa, kaeni vizuri, leo sitapaza sauti. Wiki hii nimezika, nimepatanisha, nimechoka, na nyuso zenu naziona zimechoka vilevile. Basi niwape mfano wa mtu aliyechoka.

Palikuwa na seremala mmoja kwenye jengo la ghorofa lililokuwa bado linapanda. Katikati ya jengo liliachwa shimo la lifti, kutoka juu hadi chini kabisa. Kila ghorofa ina mlango wake wa kuingilia lifti, lakini lifti yenyewe bado, kwa hiyo ukivuka mlango ule unakanyaga hewa. Kazi ya seremala ilikuwa kuziba kila mlango kwa mbao mbili, mmoja usawa wa goti na mmoja usawa wa kiuno, mtu asije akapitiliza. Aliifanya kwa moyo wote, maana alikuwa na mtu wake mle ndani: shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kibarua. Dada yake alikuwa amemwambia, kaka, nakukabidhi mume wangu, hajazoea maghorofa. Naye akamjibu asiwe na wasiwasi.

Sasa mnajua mambo ya kwetu. Mama lishe wa pale alipikia kuni, na ilishakuwa desturi kwamba anayeshuka na kipande cha mbao anapakuliwa kwanza, tena maharage yake yanajaa sahani. Mbao za kuokota zilipokwisha, watu walifanya nini? Wakahamia milango ya lifti. Asubuhi seremala anapigilia, mchana anakuta misumari mitupu. Akiuliza, kila mtu anasema alichukua mmoja tu. Akampelekea msimamizi malalamiko, msimamizi akaahidi kuwasemesha, akasahau. Asubuhi wote wanasimama pamoja kumwomba Mungu awakinge, mchana wanapikia ugali kinga waliyopewa.

Na kweli, jamani, kumlinda mtu asiyetaka kulindwa kunachosha. Seremala yule hata hasira zilimwisha. Mikono ilipigilia, moyo haukuwepo.

Siku moja akashuka kula, njaa inamuuma, akakuta maharage hayajaiva. Mama lishe akamwambia kuni zimekwisha, fundi, niletee hata kakipande. Akapanda hadi ghorofa ya nne. Kwenye mlango wa lifti, ubao wa goti ulikuwa umeshaondoka, umebaki ule wa kiunoni peke yake. Akasimama akiutazama.

"Ubao mmoja utamzuia nani?" akajisemea. "Wenzangu wamezimaliza zote, na huu kesho watautoa. Nimechoka mimi."

Akaung'oa, akashuka nao. Hebu niulize, nani humu angemhukumu? Mimi nisingemhukumu. Akapakuliwa kwanza.

Alikuwa bado anakula aliposikia kishindo, kisha watu wakipiga kelele. Shemeji yake alikuwa amebaki juu kumalizia zege lisije likamgandia, akapitiliza kwenye mlango wa ghorofa ya nne. Walipomfikia kule chini alikuwa ameshakata roho.

Msibani, mwenzake wa kazi akawa anawaeleza wafiwa jinsi marehemu alivyokuwa. Akasema sakafu ya ghorofa ya nne ilikuwa mbovu, gurudumu la toroli linakwama, kwa hiyo marehemu alizoea kulivuta toroli akirudi kinyumenyume.

"Alikuwa anarudi hivyo mpaka mgongo uguse ule ubao wa kiunoni, ndipo anageuka," akasema. "Kila safari. Nilimwonya, akaniambia wa goti wanauiba, ila wa kiunoni haukosi, shemeji akikuta umetolewa anaurudisha."

Dada yule akamgeukia kaka yake, akamshika mkono.

"Kaka, usijilaumu," akamwambia. "Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unapigilia. Waliong'oa ndio watakaomjibu Mungu."

 

Ndugu zangu, sisi tunajua sana kuwasema wang'oaji. Wapo, na wana kesi yao. Lakini ubao ule haukung'olewa na mzembe. Uling'olewa na mlinzi aliyechoka. Na humu ndani tumejaa walinzi waliochoka. Wewe mama, ndiye pekee nyumbani unayemuuliza kijana alilala wapi, na juzi umeacha kuuliza. Wewe mzee, ndiye pekee uliyekuwa ukimwambia yule jirani aache pombe, sasa unampita tu. Mimi pia kuna watu nimeacha kuwapigia hodi. Tunasema, neno langu moja litamzuia nani? Hatujui. Yupo mtu anakuja kinyumenyume, hakuoni wala hakushukuru, na anageukia pale pale mgongo wake unapokugusa.

Nanyi mafundi mliomo humu, kwenu hili si fumbo. Kesho mkifika kazini mkakuta mlango wa lifti uko wazi, uzibeni kabla ya kunywa chai, na kuni za mama lishe zitafutwe kwingine. Mbao zikiwa zimeng'olewa tena, zibeni tena. Siwaombi muwe na nguvu, maana najua hamna. Umechoka? Pigilia hivyo hivyo ukiwa umechoka.