Vibuyu Vinne vya Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla magoti yangu hayajaanza kulia kila ninapoinama, kulikuwa na bonde la ukungu ambako wanyama walifinyanga vyungu. Mimi nimezunguka sana, nimepotea hata katika miji ambayo majina yake yananishinda kutamka, lakini bonde lile sijalifikia ila usingizini. Asubuhi upepo ulipita juu ya midomo ya vyungu, navyo vikaimba: uuuuu... uuuuu... Ukisimama pale unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Ingawa mimi husahau hata nikiwa jikoni kwangu.

Mwenye bonde alikuwa Mzee Tembo. Kila Ijumaa joko la kuchomea likifunguliwa, aligonga vyungu kimoja kimoja kwa ncha ya mkonga. Chungu kizima kilisema ngiii! Chenye ufa kilisema kwaru! Na sheria yake ilikuwa moja: mfinyanzi mwenye kwaru nyingi kuliko wenzake, afungashe aondoke.

Akaondoka Nungunungu, analia. Wiki iliyofuata akaondoka Kanga, analia zaidi. Waliletwa wengine wa kujaza nafasi zao, na vyungu vikaendelea kupasuka vilevile.

Basi jioni moja Kindi, mfinyanzi mdogo kuliko wote, akamkuta Shangazi Kakakuona anakunja mkeka wake.

"Shangazi! Safari ya wapi?"

"Mwanangu, bora nijifungashe mapema. Wiki hii ni zamu yangu kuanika kwenye kichanja cha mlangoni."

"Kina nini kichanja cha mlangoni?"

"Sijui. Nungunungu alianika pale. Kanga naye alianika pale. Miaka arobaini nafinyanga, nitakwenda kuanza wapi na magamba haya?"

Kindi akamsihi angoje mpaka Ijumaa. Shangazi ndiye aliyemlea, akamlisha uji tangu hajaota mkia. Usiku ule hakulala, na asubuhi akatundika vibuyu vinne, kimoja kwenye kila kichanja cha kuanikia. Kisha akakumbuka Ijumaa mbili zilizopita, na kwa kila chungu kilicholia kwaru akatia njugu moja katika kibuyu cha kichanja kilikotoka.

Kindi na njugu, wanangu! Na hakula hata moja. Hapo ndipo mjue jambo lilikuwa zito.

Akavitikisa. Cha kisimani: kacha-kacha, njugu tano. Cha mwembeni: kacha-kacha, tano. Cha jokoni: nne. Cha mlangoni: GHARAGHARAGHARA! Ishirini na tatu.

"Mbili tatu kwa wiki, huo ni udongo tu, ndiyo dunia," Kindi akanong'ona. "Lakini hizi za mlangoni zina mwenyewe."

Akajibanza, akatazama. Ukungu ukafunguka polepole kama pazia, akatokea Bwana Kiboko, mnyapara, anatoka kuoga mtoni. Pwata, pwata, pwata. Akajitikisa, fwaaa! Kisha akajilaza pale mlangoni, mgongo wake unaotiririka maji ukiegemea kichanja, akakoroma. Vyungu vilivyokaribia kukauka vikanywa maji taratibu, kimya kimya. Na chungu kibichi kikiingia motoni, mnajua wenyewe, hupasuka.

Nani wa kumwambia? Aliyemwambia mara ya mwisho alikaliwa.

Kiboko alipoamka, Kindi akamsogelea akiwa amejaa adabu.

"Shikamoo, Bwana Mnyapara."

"Marahaba. Nini, wewe punje?"

"Nimetundika vibuyu, Bwana. Kila kichanja na njugu zake. Vya wengine vinatia aibu, cha hapa unapolala kinakaribia kufurika."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Kinafurika?"

"Gharaghara! Lakini wenye husuda wanasema ni bahati ya mlango, si yako."

"Bahati ya mlango? Mimi?"

"Ndiyo maana nasema, wiki hii lala kisimani, penye vyungu vyangu. Kama njugu zinakufuata wewe, Ijumaa utawatikisia mbele ya Mzee."

"Nitawatikisia mpaka wazibe masikio!" akanguruma Kiboko, na mchana uleule akahamia kisimani. Pwata, pwata, pwata.

Kindi akaviangalia vyungu vyake vinavyolowa. Hila isipofaulu, atakayefungasha ni yeye.

Ijumaa ikafika. Mzee Tembo akagonga vyungu vya Shangazi: ngiii, ngiii, kwaru, ngiii, ngiii, kwaru, ngiii... Mbili tu! Akageukia vya Kindi: kwaru, kwaru, ngiii, kwaru... Kumi na mbili, na kwa kila moja Kindi akatumbukiza njugu katika kibuyu cha kisimani.

"Kindi," akasema Mzee, "fungasha."

"Subirini!" Kiboko akajitokeza, kibuyu cha kisimani mkononi, kimejaa njugu mpya. GHARAGHARA! "Hizi si zake, ni zangu! Nililala mlangoni, zikajaa mlangoni. Nimelala kisimani, zimejaa kisimani. Popote ninapolala, zinanifuata!"

Tone la maji likadondoka kutoka tumboni kwake: to.

Mzee Tembo akatazama tone, akatazama vyungu, akatazama kibuyu. "Kila njugu ni nini, Kindi?"

"Ni kwaru moja, Mzee."

Masikio ya Tembo yakalegea kama majani ya mgomba jua kali. "Na mimi niliwafukuza Nungunungu na Kanga..."

Siku ileile akawatuma wajumbe wakawarudishe, akaenda mwenyewe njiani kuwaomba radhi. Kiboko alikimbilia mtoni kwa aibu, na mpaka leo mchana humwoni ila macho na pua.

Ijumaa iliyofuata vyungu vichache vililia kwaru. Tembo akaguna, "Za nani hizi?"

"Za dunia, Mzee," akajibu Kindi, mashavu yamejaa njugu. Upepo ukapita juu ya midomo ya vyungu: uuuuu...

Nami hapo nikaamka, chai yangu imeshapoa, na neno moja nimelishika: kabla hujamfukuza mfinyanzi, hesabu nyufa uone zinatoka wapi.